Nilichokiandika kwa Wino Mwekundu

Sauti ya Neema ilipotoka kwenye spika mara ya tatu, nilisimama katikati ya ukumbi, mtoto mgongoni, nikasema, "Zimeni." Hawakuzima.

Wadogo zangu mnaotaka kazi ya filamu, anzeni hapo.

Mie niliajiriwa studio moja Mikocheni, nina cheti cha kidato cha nne na masikio mazuri. Kazi yangu ilikuwa kuandika rashi, yaani picha ghafi kabla hazijakatwa: nani kasema nini, dakika ya ngapi. Siku ya kwanza Mkurugenzi alinipa kalamu mbili.

"Bluu ni ya kila kitu. Nyekundu ni pale mtu akisema hili msitumie. Nyekundu haiguswi. Sawa, mama kijacho?" Nilikuwa na mimba.

Halafu bweni la chuo kimoja likaungua, watoto wa watu wakafa. Tukaenda Temeke kwa Mama Neema, aliyefiwa na binti yake humo. Siku mbili tulikaa naye jamvini bila kamera. Ndivyo tulivyokuwaga tunafanya kwa wafiwa. Siku ya tatu, kamera ikiwa imewashwa, akatusikilizisha kwenye simu ujumbe wa mwisho wa binti yake, akiita mama, mlango umefungwa.

"Sikilizeni mjue," alisema. "Lakini huu ni wangu. Hata baba yake hajausikia."

"Hautatoka, mama," nikamwambia. Nikaandika kwa nyekundu.

Nilipokuwa likizo ya uzazi, Mkurugenzi akaigeuza filamu ikawa ya kisanaa: skrini nyeusi, sauti ile imevutwa taratibu, inarudiwa na kurudiwa. Niliiona siku ile ya kuonyeshwa ukumbini, na Baba Neema alikaa kiti cha mbele. Alitoka ameshika ukuta.

Nje nikamvaa Mkurugenzi. "Kalamu nyekundu ulinipa ya nini?"

"Hii ni sanaa, Zuhura. Watu wasipoumia hawabadiliki."

"Mwenye bweni kaumia? Hata hakuja. Kaumia baba mtu."

"Unanyonyesha, una hasira. Nenda nyumbani."

Nilienda, sikurudi tena kazini. Kesho yake nikafika kwa Mama Neema. Hakunikaribisha jamvini.

"Wewe ndiye uliyeniambia hautatoka," alisema, akafunga mlango.

Nikaandika barua, nikaipeleka ofisi ya vibali vya filamu, wakagonga muhuri:

"Nalalamika kwamba sauti ya marehemu Neema imetumiwa bila ridhaa ya mama yake. Naomba filamu isionyeshwe popote, na sauti hiyo ifutwe kila ilikohifadhiwa. Nimeambatanisha karatasi ya rashi yenye wino mwekundu. Mwandiko ni wangu. Walalamikiwa ni wawili: Mkurugenzi, na mimi niliyemwahidi."