Jina la Juu ya Orodha

Kila alfajiri, kabla basi la saa kumi na mbili halijatiwa moto, karani wa stendi aliketi kwenye kibanda chake cha mabati, akapiga mistari kwa rula na kuandika orodha ya abiria kwa mwandiko ambao hata polisi wa kizuizi cha barabarani waliusifu. Juu jina la dereva, chini yake abiria, kila mmoja na kiti chake. Kwa miaka kumi na tisa jina la juu lilikuwa moja: la mumewe.

Ndiye aliyeifungua safari ile, barabara ikiwa bado ya vumbi, madereva wenzake wakimcheka kwamba atabeba upepo. Hakubeba upepo. Wenye nyanya walipata soko la jijini, wagonjwa wakaifikia hospitali kubwa siku hiyohiyo, na walimu waliokuwa wakikataa kupangiwa huku wakakubali, maana waliweza kwenda kwao na kurudi. Karani aliyajua hayo kwa kuwa ndiye aliyewaandika, kiti kwa kiti.

Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu amzike.

Jumatatu moja, saa moja na nusu, simu ililia. Alikuwa kondakta wa basi lao.

"Mama, tumekwama kizuizini. Askari anasema dereva wa kwenye karatasi siye huyu aliyeshika usukani."

"Kwani nimeandika nani?"

"Umemwandika mzee, mama."

Mkono ulikuwa umejiandikia wenyewe, kwa mazoea. Nyuma ya kondakta akasikia abiria mmoja akipayuka: "Huyo dereva wenu yuko baa, mnatuficha nini?" Wengine wakaangua kicheko.

Mengi alikuwa ameyameza tangu msiba, lakini hilo la baa halikushuka kooni. Jina lile halikuwahi kuchelewesha gari hata siku moja.

Aliandika orodha mpya, abiria arobaini na wanne, akapanda basi la kampuni pinzani lililokuwa likitoka.

"Karibu, shemeji!" kondakta wao alimtania. "Leo mmeishiwa magari?"

"Punguza mwendo wa mdomo, baba, utagonga watu."

Hakuwa amepita njia ile tangu mazishi. Kila kituo kilimuumiza kivyake: hapa mumewe alimsubiri mwalimu aliyesahau vyeti, pale, penye maduka sasa, aliwahi kumshusha mama mmoja na cherehani yake porini, akaja nyumbani akisema, "Ipo siku patakuwa mji pale." Alitamani kumwambia, umeona? Akageuka kabisa kuelekea kiti cha jirani. Aliyeketi hapo alikuwa mtu asiyemjua, amelala.

Kizuizini askari alipokea orodha mpya, akaisoma, akaridhika. Kisha akafungua daftari lake kubwa.

"Gari liende. Ila hapa nimeshaandika: dereva wa kwenye orodha hakuripoti kazini."

"Futa, mwanangu."

"Daftari la serikali halifutwi, mama."

"Basi ongeza mstari."

"Niandike nini?"

Abiria walikuwa wamechungulia madirishani wote, na yule aliyepayuka habari ya baa miongoni mwao. Karani alinyoosha mtandio wake.

"Andika amefariki. Weka na tarehe, nitakutajia. Na uandike kosa ni la karani, mimi hapa."

Askari alivua kofia. "Pole, mama. Mimi ni mgeni hapa, sikujua." Akaandika polepole, akamgeuzia daftari asome mwenyewe. Alisoma mara mbili, akatia sahihi. Yule abiria akainama ghafla kama anayetafuta kitu chini ya kiti.

Basi likaunguruma na kuondoka. Karani alibaki kando ya barabara akilisindikiza kwa macho, akitamani mkono utokeze dirisha la dereva, umpungie mara moja tu. Dereva mpya alikaza macho mbele, kama inavyompasa dereva.