Siagi Ilipozidi

Shaba ikichomwa ina harufu yake. Inakaa nyuma ya ulimi kama umelamba sarafu. Ilinikuta Lackawanna, mji wa kando ya Buffalo huku Marekani, nimeendesha kutoka Louisville hadi Columbus, kutoka Columbus hadi Buffalo, mgongo umekufa. Gary, mzee ninayeegesha malori uwanjani kwake, alikuwa garejini akichoma maganda ya risasi, moja moja, na kuyatumbukiza majini. Tsss. Ana bunduki ya kuwindia kulungu ambayo hakuna kiwanda kinachoitengenezea risasi, donc, kwa hiyo, anachukua maganda ya bunduki nyingine na kuyabana mpaka yapate umbo analotaka. Akaanza kunieleza polepole, kama mtu anavyomweleza mgeni. Nikamwambia, mzee, hiyo kazi niliijua kabla sijavaa viatu.

Nisiwafiche, mimi ni mtu wa kujisifu, na sababu ninazo. Shule niliiacha darasa la tatu. Leo nina malori manne, na vijana wenye diploma wananiomba kazi. Lakini siku ile uchovu ulinilegeza. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na milima ya Kivu ikanijia.

Kule juu tulikuwa wafugaji, na bunduki ilikuwa moja kwa mlima mzima. Iliachwa na mlowezi fulani, na risasi zake zilikwisha kabla sijazaliwa. Wazee walimpa Baba aitunze kwa ajili ya macho yake, maana aliweza kuona kupe kwenye sikio la ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. "Bunduki inakaa kwa mwenye jicho," walisema. Baba aliokota maganda ya risasi za askari, marefu kuliko ya kwetu. Aliyachoma yalainike, akayapaka siagi, akayagonga kwa nyundo ya mti ndani ya kalibu ya chuma aliyochongewa na mhunzi. Shingo ikajibana, bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, likashuka, kilichozidi akakikata.

Siri ilikuwa kwenye siagi. "Paka kama unamupaka mutoto muchanga ku uso," alinifundisha. "Ikikuwa mingi, haina pa kwenda." Mimi sikuelewa. Sisi ni watu wa ng'ombe. Siagi kwetu inatibu ngozi, nywele, kidonda, hata mgeni mwenye hasira. Nani amewahi kuambiwa siagi imezidi?

Mwaka ule chui alikuwa anatumalizia ndama. Gaju, ng'ombe wetu mwekundu, alikuwa na ndama wa mwezi mmoja, na ng'ombe wa kwetu akifiwa na ndama anafunga maziwa. Dada yangu mdogo aliishi kwa maziwa yale. Baba alikuwa na maganda saba tu. Alimaliza moja, akaitwa msibani mlima wa pili. "Nitarudia kesho. Usiguse."

Bon, nikagusa. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha.

Yale sita niliyachovya mazima mazima kwenye chungu cha siagi. Yaliingia kalibuni laini, na mimi nikawa naimba. Nilipoyatoa, kila bega lilikuwa limebonyea kama shavu la bibi asiye na meno. Siagi ilikosa pa kwenda, ikaisukuma shaba. Nikayatupa yote mtoni, na Baba aliporudi nikamwambia yamepasuka.

"Yote sita?"

"Yote, Baba."

Aliangalia mikono yangu inayong'aa mafuta. Kisha akalijaza baruti lile moja aliloliacha tayari, ikawa risasi pekee.

Chui alikuja siku ya tatu, mchana, ndani ya ukungu. Baba akapiga, akakosa. Mlio ulimshtua chui, akaruka hatua chache, akasimama wazi juu ya jiwe, akitusubiri. Baba hakuwa na kitu mkononi. Chui akarudi, akamkamata ndama shingoni. Baba alimfukuza kwa fimbo, lakini ndama alikuwa amekwisha kufa.

Alianza kumchuna, ili Gaju aonyeshwe ile ngozi, ailambe, pengine angeachia maziwa. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, hazikupasuka. Zilibonyea tu ku bega."

Kisu kilisimama. "Zilibonyea?"

"Ndiyo."

"Weye mutoto. Ile haiharibu kitu. Ukipiga mara moja, moto ya baruti inainyoosha, inatoka nzima." Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefika kileleni akaambiwa amepanda mlima usio wake.

Kabla sijajibu, wazee walifika kutoka mteremko wa juu walikoona yote, mbele yao baba mkubwa, kaka yake Baba, akifoka. "Chui anakusimamia kama bibi arusi, na weye unapiga moja tu? Ulikuwa unangoja akusalimie?" Watu wakacheka. "Risasi zingine iko wapi?"

Baba alifuta kisu kwenye majani. Hakunitazama.

"Macho yangu imekwisha," alisema. "Nilizani nimemupata."

Kicheko kikakatika. Bunduki ilihama siku ile ile. Baba aliitoa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Kila asubuhi alimshikia Gaju ile ngozi, na maziwa yakatoka, machache, ya kumtosha dada. Mlimani wakaanza kumwita Kipofu. Na mimi, niwaambie ukweli, nilipata nafuu, na ile nafuu polepole ikageuka imani. Niliwaambia wenzangu baba yangu haoni vizuri. Nikazoea kumshika mkono kwenye njia mbaya, nikajiona mtoto mwema.

Miaka mingi baadaye vita vilikuwa vimetufikisha kambi ya wakimbizi, nimeshaota ndevu, nina kibanda changu cha sabuni na kiburi kinachokijaa. Mama alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano, jua linazama. Baba akaichukua, akautunga mara moja, bila hata kukunja uso. Halafu akaniona namtazama. Akashusha sindano taratibu, akanyoosha mkono hewani, akipapasa, kama anayetafuta wa kumwongoza.

Nikaushika. Tukatembea, mimi nikimkwepesha mawe aliyoyaona kabla yangu.