Mawe Manne Kwenye Ukungu

Siku yangu ya kwanza kazini walinipandisha kwenye mizani ya pamba. Kampuni yetu ya ndege ndogo, yenye kiwanja cha changarawe nje kidogo ya Bariadi, ilipima kila mtu na kila kifurushi, kwa sababu viwanja tulivyohudumia vilikuwa milimani, vifupi, na ndege ikizidi uzito hainyanyuki. Vijana wa leo mnaona tulikuwa washamba. Haya, chekeni!

Baada ya mwaka wa kupima mizigo, Meneja wa Safari akanipeleka kituo cha mlimani niwe wakala. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ng'ombe kiwanjani, kutunza soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavumia wapi, na kumpa rubani taarifa ya mwonekano kwa redio. Kando ya njia ya kutua ndege tulipanga mawe kumi yaliyopakwa chokaa. Ukisimama mwanzo wa njia ukaona sita, ndege inatua. Chini ya hapo inarudi.

"Sikiliza wewe wa Nkololo," Meneja aliniambia. "Sitaki unachotamani, nataka unachokiona. Matamanio yako peleka kanisani."

Mkali kweli, lakini nilimpenda yule mzee.

Mke wangu Minza alinifuata huko. Mimba yake ya kwanza ilipokomaa, mama yake akaja kutoka Ipililo kumsaidia. Kwetu Wasukuma mkwe ni wa kustahiwa: mimi na yule mama hatukutazamana usoni, na maneno yetu yalipitia kwa mtu wa tatu. Uchungu ukamshika Minza siku nzima, hadi kesho yake. Muuguzi wa zahanati akasema mtoto amekwama, unahitajika upasuaji. Nikaita ndege impeleke hospitali.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala kiwanjani. Nikasikia injini juu yangu, halafu sauti ya rubani, mama mmoja mpole sana: "Wakala, unaona mawe mangapi?"

Nikahesabu. Manne. Nikafuta macho, nikahesabu tena. Manne.

Mama mkwe alikuwa amenifuata. Kwa mara ya kwanza akanitazama machoni, akanishika mkono. "Sema saba," akasema. "Baba, nakuomba, sema saba."

Mpaka leo sijui sauti niliipata wapi. "Manne," nikasema. Ndege ikazunguka mara mbili, ikaondoka. Mama mkwe akakaa chini kwenye majani mabichi, akalia.

Ukungu ulipasuka mchana, rubani akarudi. Minza alipona. Mtoto wetu, wa kiume, hakupona. Mama mkwe hakunitumia tena hata salamu mpaka alipofariki, na wala sikumlaumu.

Nilihamishiwa vituo vingine vitatu, chini ya mameneja wengine wanne, na tukajaliwa watoto wengine, wa kwanza wao Masunga. Mwaka jana nikastaafu, tukarudi Nkololo. Siku moja tukipukuchua mahindi nilimuuliza Minza swali nililolikwepa miaka yote: je, alijua nilichosema kwenye redio?

"Mama aliniambia siku ileile," akajibu bila kuinua macho.

"Na wewe ungesemaje?"

"Ningesema saba, baba Masunga." Akachukua hindi lingine. "Na rubani naye tungemzika."