Futa ya Chorale

Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka mezani kwa fundi simu hunirudisha Mangobo, mtaa nilikokulia, kwenye kibanda ambako kijana mmoja alikuwa akituwekea nyimbo kwenye kadi ya simu. Nilikuwa na miaka kumi, na sikio langu halikuwa na dini. Asubuhi nilitaka rap ya Kinshasa, mchana rumba, jioni bongo flava. Na kwa jirani yetu Zaina, Mwislamu, nilijifunza kaswida tukisonga fufu pamoja. Wakubwa walitenga muziki wa Mungu na muziki wa dunia. Mimi miguu ikicheza, basi, imetosha.

Simu yenyewe ilikuwa ya papa, baba yangu, kiongozi wa kwaya ya kanisani. Mazoezi yote aliyarekodi humo ili waimbaji wajifunze sauti zao. Siku moja akanituma niipeleke kibandani ikachajiwe, nami nikaona bahati imenijia. Nikamwomba kijana anijazie humo nyimbo zangu.

"Mutoto, carte inajaa," kijana akasema. "Nifute nini?"

"Futa ya chorale. Ile tunasikiaka kila dimanche," nikajibu, maana nyimbo za kwaya tulizisikia kanisani kila Jumapili.

Mnaonisoma mtanihukumu, na mimi najihukumu. Katika rekodi moja ya zamani, mama yangu, aliyefariki nikiwa na miaka mitatu, alikuwa akiimba ubeti mzima peke yake. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Sikujua. Papa hakuwahi kunisikilizisha. Labda alikuwa akingoja nikue.

Jioni ile nilisubiri fimbo. Papa alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akaketi, akaanza kusikiliza. Wimbo mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho, bila kuruka hata mmoja. Furaha niliyokuwa nayo! Nikasimama kando yake kama mwalimu.

"Hii iko rap, papa. Hii, bon, iko ya Watanzania."

"Ah bon. Na ingine?"

Nilipocheza kidogo alinipigia makofi. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, aliniuliza polepole:

"Hakuna ingine?"

"Inaisha, papa."

Majuto ni mjukuu. Nilikuwa nimeshaolewa, na papa ameshazikwa, tantine, shangazi yangu, aliponiambia kilichokuwa katika kadi ile. Nililia kama mtoto. Miaka yote nilidhani jioni ile papa alikuwa akijifunza muziki wangu. Kumbe alikuwa akimtafuta mama katikati ya nyimbo zangu, moja baada ya nyingine, na huku anamkosa akanipigia makofi. Hadi anafariki hakuniambia, nami sikuacha kucheza hata siku moja.