Uji Uliotiwa Kwinini

Ingali machoni mwangu, mwanangu, asubuhi ile ya masika nilipomshikia mtoto wangu wa kwanza bakuli la uji, naye akageuzia uso ukutani. Nilidhani ni deko. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilipita jikoni kwako nikakuona unaponda kidonge kwa mgongo wa kijiko na kukikorogea kwenye uji wa kitukuu changu. Sikusema kitu, maana palikuwa na wageni, na mimi sipendi kumsema mtu mbele ya watu. Sasa tuko wawili. Sogeza kigoda ukae.

Mtoto mwenyewe ni mjomba wako Beni, huyu mwenye kitambi. Wakati huo tulikaa milimani, juu ya Matombo, miaka ile mkoloni alipokuwa anatulazimisha kulima matuta ya ngazi. Babu yako hakuyapenda hayo matuta hata kidogo, akashuka kwenda kukata mkonge upande wa Kingolwira. Mimi nikabaki na mtoto, na mashamba, na midomo ya majirani.

Beni nilikuwa nimetoka kumwachisha ziwa. Siku zile mtoto akishatembea na kula vizuri, mama anapaka shubiri kwenye chuchu, basi. Beni alionja mara moja tu. Alinitazama kwa muda, akalia, na tangu hapo hakuivuta tena khanga yangu. Nilijisifu sana kwa shoga zangu kwamba mwanangu mwepesi wa kuelewa.

Baadaye tulishuka kumtembelea babu yako huko kwenye mkonge, na huko mbu walikuwa hawana huruma. Mtoto akashikwa na homa kali. Zahanati wakanipa kwinini, wakanielekeza niiyeyushe kwenye maji kidogo nimpe kwa kijiko. Haya, nikarudi nayo nyumbani, nikakuta maneno ni rahisi na kazi ni ngumu, maana Beni alifumba kinywa kikafumbika. Hapo akaingia jirani yangu Mama Thekla, mwanamke mwenye moyo mzuri na ushauri mwingi kuliko unaoombwa.

"Wewe nawe unahangaika nini?" akaniambia. "Itie kwenye uji, weka na sukari. Huyo ni mtoto tu, atajuaje?"

Nikaitia. Aliposhtuka na kutema, nilimlaza mapajani, nikakinga kiganja mdomoni, nikambana pua, nikaumimina uji. Akikosa pumzi alimeza. Usinitazame hivyo, mama zetu wote walitulisha hivyo, na hata wewe mama yako alikubana pua siku moja nikampokonya. Homa ikaisha. Nikamshukuru Mungu, nikasugua bakuli kwa majivu, nikapika uji mzuri wa ulezi usio na kitu ndani. Ndiyo asubuhi ile aliyogeuzia uso ukutani.

Nikabadilisha uji, nikamletea wali. Hakutaka. Nikamletea ndizi niliyoiponda kwa vidole vyangu, akaufumba mdomo na kutetemeka. Maji alikunywa, na kwa watu wengine pengine alipokea kipande akakitupa. Mashavu yakaingia ndani. Miguu ikawa myembamba, mwisho akaacha kutembea, akawa anakaa pale ninapomweka. Mama Thekla alisema nibane pua kwa nguvu zaidi. Wengine wakasema amerogwa. Niliogopa, mwanangu. Nilimwona Beni anakwisha mbele ya chungu kilichojaa.

Nikamfunga mgongoni, nikavuka mto kwenda kwa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikuwa jikoni anamenya magimbi. Nilimwamkia, akaitikia, akamtazama Beni bila kuacha kumenya.

"Mbona huyu amebaki macho tu?"

Nikamweleza yote, homa, kwinini, sukari ya Mama Thekla, mpaka habari za uchawi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo niliona halihusiki kabisa.

"Ziwa ulimwachishaje?"

"Kwa shubiri, bibi."

"Ulipaka siku ngapi?"

"Siku moja tu. Hakurudi tena."

Akaweka kisu chini. "Ile shubiri ulitaka aikumbuke, akaikumbuka. Sasa hii kwinini ulitaka aisahau kwa nini?"

Nikamfungua Beni mgongoni, nikampakata.

"Ziwa lako lilikuwa tamu, ukalitia uchungu. Uji wako ulikuwa mtamu, ukautia uchungu. Huyu hajarogwa hata chembe, ana akili timamu. Anachojua ni kwamba mkono wako ukimkaribia mdomoni, uchungu unakuja nyuma yake. Mweke hapo, wewe utoke nje. Na mtu yeyote asimpe chakula."

Nilikasirika kweli. Nimembeba mtoto mwenye njaa kupandisha na kushuka milima, halafu naambiwa asipewe chakula! Lakini kwa bibi yangu hakukuwa na kubishana. Nikatoka, nikajibanza nyuma ya jiko, nikachungulia kwenye upenyo wa ukuta.

Bibi alichoma magimbi kwenye makaa, akawaita vitukuu vyake wengine, wakakaa kumzunguka wakila na kucheka. Beni walimweka katikati yao na hakuna aliyemjali. Hakuna aliyemwambia kula. Siku ile alitazama vinywa vyao tu. Kesho yake binamu yake mmoja aliweka kipande chini ili ajikune mguu, na Beni akakichukua. Alikilamba. Halafu akangoja, mwanangu. Mtoto mdogo vile, alikaa na kipande mkononi akingoja kuona kama uchungu utakuja. Haukuja. Akang'ata. Nilijiziba mdomo kwa khanga nisije nikapiga kelele.

Tangu hapo akawa anakula nao, kidogo kidogo, na miguu ikaanza kupata nguvu. Moyo wangu ulipaswa kutulia, lakini haukutulia, maana kila nilipomkaribia na chakula alikaza meno. Alikula kwa bibi, alikula kwa binamu zake, hata kwa mgeni aliyepita kuomba maji. Kwangu hapana. Iliniuma sana, na sioni aibu kukwambia kwamba nililia kama mtoto.

"Usimwite," bibi aliniambia. "Usimbembeleze. Kula mbele yake, shughulika na mambo yako."

Alasiri moja nilikuwa barazani nachambua kunde. Nikahisi mkono begani. Beni alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, mkononi ana kipande cha gimbi kilichopakaa majivu. Akanisogezea mdomoni. Nilitaka kucheka, nikamwambia, "Kula wewe, baba." Bibi akaniambia mimi kutoka ndani, kwa sauti ya chini, "Kula wewe."

Nikatafuna. Mtoto hakuondoa macho usoni mwangu. Alinitazama midomo, akanitazama paji la uso, anatafuta kama nitakunja uso jinsi alivyokunja yeye. Nikameza. Akanifungua kinywa kwa kidole chake, akachungulia ndani. Kisha akapanda mapajani kwangu, pale pale nilipokuwa nikimlaza na kumbana pua, akafungua kinywa chake na kungoja. Gimbi likanidondoka mara mbili kabla sijalifikisha kinywani kwake.

Leo mjomba wako ni mtu mzima, ana wajukuu, na uji hanywi. Mkewe alidhani ni maringo. Anasema harufu yake inamtibua tu. Nikimsimulia habari hii hucheka na kusema, mama unatunga, na kweli hakumbuki zahanati wala bakuli. Ila mpe uji uone.

Kwa hiyo nisikilize. Dawa ni lazima apewe, wala usije ukawaambia watu kwamba mimi bibi yako nilikukataza hospitali. Mpe dawa kwenye kijiko chake, mwambie ni chungu, umshike, umfute machozi, basi yaishe hapo. Alie kwa dawa, asilie kwa chakula. Usiifiche ndani ya uji, wala usimbane pua kwa jambo lolote. Akikataa kula leo, kaa naye ule wewe, umwache akutazame. Chakula cha leo ndicho kitakachomwita mezani kesho, au kitakachomfukuza. Mumeo naye mweleze hivyo hivyo, maana nimemwona anavyomkaripia mtoto akiwa na tonge mdomoni.

Ule uji wa jana umwage. Mungu akujalie nyumba isiyokosa chakula, akuponyee mtoto homa yake, na kila atakapouona mkono wako unamjia, afungue kinywa bila kuogopa.