Baba Ambaye Hakuzaliwa

Mwalimu wa bayolojia alituambia tuchore ukoo. Mraba ni mwanaume, duara ni mwanamke, mstari wa kulala ni ndoa, mstari wa kushuka ni watoto. Halafu tujaze nani nyumbani anaweza kukunja ulimi kama mrija na nani hawezi. Tulikuwa kidato cha nne, shule ya bweni ya wasichana mjini Kitui, na darasa zima lilikuwa limetoa ndimi nje likichekana. Mimi nilichora haraka kwa sababu mambo ya mwili nilikuwa nayapenda kupita kiasi. Nikaweka nyanya na marehemu mume wake juu, chini yao mraba wa baba, kando yake duara la mama, na chini kabisa sisi watoto watatu.

Mwalimu alisimama nyuma yangu akagonga ule mraba kwa kalamu.

"Huyu hujamjaza. Anakunja ulimi au hakunji?"

"Hana ulimi, mwalimu. Hakuzaliwa."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mgeni Ukambani, na aliniambia niache mzaha. Nikamwambia si mzaha, kwetu ndivyo kulivyo, na kama kitabu chake hakina alama ya mtu kama baba yangu, basi upungufu ni wa kitabu. Nilisimamishwa mpaka kengele ilipolia. Sikujuta hata kidogo.

Acha nieleze. Kwetu ni Kalamba, upande wa Makueni. Nyanya yangu, susu kwa Kikamba, hakujaliwa mtoto. Mumewe alikufa akamwachia shamba na midomo ya watu. Kwa desturi yetu mwanamke wa namna hiyo haendi kulialia kwa shemeji zake. Anaoa. Nyanya alipeleka mbuzi kwa kina mama yangu, wazee wa ukoo wakaenda naye, wakala, wakarudi na bibi harusi. Mama aliolewa kwa niaba ya mwana ambaye nyanya angemzaa, kama angezaa. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Watoto wake ni wajukuu wa nyanya, wa jina la boma lile na wa shamba lile. Mwanaume aliyesaidia hapo katikati si baba wa mtu, na nyumbani hakuna anayemuulizia.

Mama hawezi kukunja ulimi. Mimi naweza. Kwa hiyo bayolojia ilinifunulia jambo moja juu ya bwana huyo, na hilo moja linanitosha.

Mwili niliupenda kabla sijajua kuna somo lake. Kuku akichinjwa nilikuwa nachukua mguu, natafuta ule uzi mweupe pale ulipokatwa, nauvuta, na vidole vinajikunja kana kwamba kuku bado anataka kushika tawi. Mama alisema nitakuwa mchawi. Kanisani, mchungaji akirefusha maombi, niliweka vidole shingoni nikisikiliza mshipa unavyopiga, nikaona kwamba unaenda mbio wimbo ukianza na unatulia matangazo yakisomwa. Kina mama walionizunguka walidhani nimeguswa na Roho. Sikuwasahihisha, maana waliponiona hivyo waliacha kunituma maji.

Anga ndilo lililonigombanisha na nyanya. Shuleni tulikuwa na kitabu kimoja cha nyota, kimechanika jalada, na nilikuwa nimekimeza chote. Likizo ya Aprili nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa maneno. Jioni tulikaa nje, tukikimbia moshi wa jikoni, tukisubiri muthokoi. Mahindi yaliyokobolewa hayana haraka, kwa hiyo wakati wa kubishana ulikuwepo tele. Nyanya alipenda ule Msalaba wa Kusini kuliko nyota zote. Alisema Mungu aliuweka pale kwa ajili ya watu wasiojua kusoma.

Nikamwambia zile nyota nne si majirani. Moja iko karibu kwetu, zile nyingine ziko mbali sana nyuma yake, ni vile tu tukiwa Kalamba tunaziona kama zimekaa pamoja.

"Nani alienda kupima?" akauliza.

"Hakuna aliyeenda, susu. Wanapima kwa hesabu."

"Hesabu hiyo ni ya watu wenye wivu. Msalaba ni mmoja."

"Lakini hazina uhusiano wowote!"

"Ukipotea huko porini utatafuta kusini kwa nyota moja?"

"Kwa zote nne."

"Basi nyamaza uangalie moto."

Sikunyamaza. Nilimwambia kutuonyesha njia ni jambo moja na kuwa ndugu ni jambo lingine, na yeye akaniambia shule inanifundisha kutenganisha vitu tu, kuviunganisha itanifundisha lini. Tulibishana mpaka muthokoi ukashika chini ya sufuria. Mama alitoka jikoni akatuambia tutaula hivyo hivyo, ukiwa umeungua, sisi wawili wa kwanza. Tukaula. Nyanya alikuwa anatafuna na bado anabisha.

Alifariki mwezi wa Agosti, kwa presha, akiwa amekaa kwenye kiti chake akichambua pojo. Nilimlilia sana, na nilimkasirikia pia, kwa sababu nilikuwa nimemwekea maneno mengi ya kumjibu. Tulimzika shambani kando ya mumewe. Kanisa liliimba, ukoo ulikula, na watu walipotawanyika baba mdogo alibaki.

Baba mdogo huyu ni mtoto wa ndugu ya mume wa nyanya, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo ndiye ndugu wa baba yangu asiyezaliwa. Alifanya kazi ya ofisi Kitui mjini. Nyanya alipokuwa hai alikuwa akija na sukari na maneno matamu, anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na akishaondoka nyanya anatuambia, "Mmemwona fisi wangu mwenye tai?" Tulikuwa tunacheka. Baada ya mazishi hakuna aliyecheka, kwa sababu alikwenda kuwaona wazee mmoja mmoja, akaomba kikao, na wakakubali.

Kikao kilikuwa kwetu, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Wazee walikaa mbele ya ghala. Wake zao na mama walikuwa upande wa jikoni wakipika chai, nami nilikuwa nao nikiosha vikombe. Kila neno tulilisikia.

"Wazee wangu," baba mdogo alisema, "mimi sina ubaya na mtu. Lakini siku hizi kuna sayansi. Tuwapeleke hawa watoto mjini wapanguswe shavuni kwa pamba, DNA iseme. Wakiwa damu yetu, wakae. Wasipokuwa, mama yao awarudishe kwao na shamba lirudi kwa ukoo. Damu ni nzito kuliko maji."

Kurudi kwa ukoo maana yake ilikuwa kurudi kwake. Hakukuwa na mwingine wa karibu. Na mama angekwenda wapi? Kwao mbuzi waliliwa zamani, wazazi wake walishakufa, na ndugu zake wamegawana mpaka kichaka cha mwisho. Wadogo zangu walikuwa bado shule ya msingi. Mimi mtihani wa mwisho ulikuwa karibu. Mama aliweka birika chini.

Ndipo baba mdogo alipofanya kosa lake. Alitaka kumaliza kwa mbwembwe. Aligeuka upande wa jikoni akaniita.

"Na bahati nzuri tuna msomi hapa. Binti yangu, wewe ndiwe wa bayolojia. Hebu simama uwaeleze wazee DNA ni nini, na kama huwa inadanganya."

Mwanamke haongei kwenye kikao cha ukoo mpaka aulizwe, na msichana haulizwi. Huyu mtu alinifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Nilifuta mikono kwenye sketi nikaenda kusimama mbele yao.

"DNA haidanganyi," nikasema. "Mkinipima mimi huenda msipate damu ya ukoo huu hata tone."

Nyuma yangu nilisikia mama akishusha pumzi kama mtu aliyepigwa. Baba mdogo akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kuigiza. Nikaendelea.

"Na mngempima nyanya, hamngeipata pia. Nyanya alitoka ukoo mwingine, aliolewa hapa. Lakini mmetoka kumzika kama mama wa boma hili, na hakuna aliyeuliza damu yake. Mbuzi wa kumwoa mama yangu mlipeleka nyinyi, wazee. Mlikula kule kwao mkarudi mmeshiba, mkasema nyumba hii imepata mwana. Siku hiyo hakuna aliyebeba pamba."

"Jibu ulichoulizwa," baba mdogo akasema.

"Najibu. Kama siku hizi ukoo ni damu, mimi niko tayari kupimwa hata kesho. Lakini tupimwe wote. Kila boma, kila mzee na watoto wake mpaka kitinda mimba. Na tuanze na wewe, baba, maana ndiwe mwenye haraka. Nawaambia kama mwanafunzi wa bayolojia, ile pamba haichagui. Majibu yakirudi tutajua kila mtu ni wa nani, hapa Kalamba yote."

Mzee mmoja alianza kukohoa, na hakuwa na kikohozi. Mwingine aliangalia fimbo yake kana kwamba amepewa sasa hivi. Kule jikoni sahani zilikuwa zimeacha kulia. Kisha mke wa mzee mmoja akasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Mwacheni mtoto wa watu, chai inapoa."

"Huyu hana adabu," baba mdogo akasema. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Sina," nikamjibu. "Nyanya alinifundisha shamba kwanza. Adabu alisema itafuata."

Mwenyekiti wa ukoo alikuwa mzee mwenye sweta ya kijani ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. Aliinuka, akawaita wenzake nyuma ya ghala, kama wanavyofanya wakitaka kushauriana pasipo masikio. Walikaa huko muda mrefu. Mama hakunitazama. Nilijua anachofikiria: kwamba nimemaliza kila kitu kwa mdomo wangu. Nami nilikuwa naogopa, siwezi kusema uongo. Lakini ningeambiwa niyarudie ningeyarudia yote, na kwa sauti ya juu zaidi.

Waliporudi mwenyekiti hakukaa.

"Msichana huyu ametukosea heshima mbele ya wake zetu," alisema. "Ukoo unamtoza mbuzi dume. Achinjwe hapa, leo, tumle."

Baba mdogo akatabasamu meno yote. "Haki kabisa," akasema. "Afunzwe."

Nilikuwa nafungua mdomo nikatae wakati mama aliponishika mkono, kwa nguvu mpaka ikauma. Nilimgeukia nikidhani analia. Mama alikuwa anacheka. Machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimpanda na kushuka, na wanawake wengine nao walikuwa wameficha nyuso kwenye leso.

Mimi nilikuwa karibu wa mwisho kuelewa, na baba mdogo alikuwa nyuma yangu kidogo tu. Mgeni hatozwi mbuzi wa adabu. Mgeni akiwatukana wazee anaambiwa ashike njia aende kwao. Mbuzi yule hutozwa mtoto wa ukoo peke yake, kutoka zizi la ukoo, na akishaliwa neno limekwisha. Wazee hawakutaja shamba. Hawakutaja pamba. Walinitoza faini tu.

Nililifungua dume la mama mwenyewe, lile jekundu lenye kiburi, nikalikokota hadi kwa wenye visu. Lilichinjwa, likachomwa, na ulipofika wakati wa kugawa nyama hakuna aliyekuwa ameondoka. Nyama hiyo haigawiwi ovyo. Kila mmoja hupewa kulingana na alivyo kwa mtoto aliyekosa: babu zake kipande chao, mama zake kipande chao, baba zake mbavu.

Mwenyekiti alikata mbavu akazishika mkononi.

"Njoo uchukue zako," akamwambia baba mdogo. "Mtoto wako amekosa."

Baba mdogo aliangalia lango. Aliangalia pikipiki iliyomleta, na mwenye pikipiki alikuwa ameketi na wengine akitafuna. Boma zima lilimsubiri, na hakuna aliyemharakisha. Mwishowe alikuja, akazipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mimi ndiye niliyempelekea chumvi, nikasimama pale pale mbele yake mpaka alipomeza.