Damu ya Biasha

Watu wa Msambweni walimwita daktari, na jina hilo lilimtesa. Jecinta Kanini hakuwa wa kutibu. Alikuwa mtafiti wa saratani, msomi aliyekwenda mpaka ng'ambo akarudi, na chumba chake nyuma ya hospitali kilikuwa na darubini, jokofu la barafu kali na jenereta, basi. Akina mama walipomletea watoto waliovimba taya, alichokuwa nacho ni sindano ya kuwatoa damu. Lo, kazi gani hiyo!

Lakini mgala muue na haki yake mpe: hakuifuata kwa kutaka sifa. Babake, mzee Nthiwa, alitoka Ukambani akapata shamba Shimba Hills. Huko ndiko Kanini alikozaliwa, na huko ndiko nduguye Mbithi alikoanza kulegea jino akiwa na miaka sita. Wakadhani ni jino tu. Likang'olewa, likafuata la pili, na walipofikia la tatu taya lilikuwa limefura na jicho limesukumwa nje. Walimzika kabla ya mavuno. Kanini alisoma miaka kumi na minane kwa sababu ya meno yale matatu.

Alilokuwa akilitafuta ni jambo moja. Mwili wa mtu una askari wake ndani ya damu. Homa wanaipiga, vidonda wanavipiga, lakini saratani wanaiacha ipite kama jirani wamjuaye. Kanini alitaka kujua namna ya kuwaamsha. Wenzake Nairobi walimcheka, wakasema anafukuza upepo, mpaka mwaka wa tisini na sita alipoletwa Biasha, mtoto wa miaka saba kutoka Munje, taya limemvimba. Dawa zilikuwa zimekwisha hospitalini, nyanya yake akamrudisha nyumbani akafie kwao. Baada ya miezi mitatu wakaja tena. Taya limenywea, na mtoto anatafuna hindi la kuchoma! Askari wa Biasha walikuwa wameamka wenyewe.

Damu ile Kanini aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Bi Mejumaa, nyanya ya mtoto, akakataa katakata. Kwao kitu cha mwili hakitupwi ovyo. Nywele, kucha, jino, vyote huzikwa, sembuse damu?

"Mwanangu, unaipeleka wapi?" akamwuliza.

"Nyanya, damu ni ya Biasha. Mimi naitunza tu. Siku mkiitaka, mtarudishiwa."

Aliyasema hayo mbele ya Garama, mlinzi wa chumba, aliyekuwa akiwatafsiria penye Kidigo kizito. Aliyasema kama tusemavyo sote tunapokitaka kitu. Bibi akaridhika. Chupa ndogo kumi na mbili zikaingia jokofuni, zingoje mashine moja ya kuchunguzia damu huko Nairobi, ambayo Kanini alipewa zamu yake mwishoni mwa Septemba, mwaka wa tisini na saba.

Agosti ikatangulia. Fujo zikazuka Likoni, vikaratasi vikatupwa njiani kuwaambia wabara waondoke. Kanini, mzaliwa wa Kwale hii hii, akawa mbara. Akamwachia Garama funguo na mapipa mawili ya dizeli.

"Garama, jokofu lisizime hata saa moja. Maisha yangu yamo humo."

Akapitia Kinango mpaka Mackinnon Road, akapanda lori la kwenda Nairobi.

Alirudi baada ya wiki tano. Jokofu lilikuwa likinguruma kama alivyoliacha, pipa moja la dizeli limebaki. Kila stima ilipopotea Garama aliwasha jenereta. Kanini alimshika mikono yote miwili, akamshukuru mpaka mzee wa watu akaona haya. Kisha akafungua mlango. Rafu ya juu ilikuwa tupu.

"Za Biasha ziko wapi?"

"Nimewapa wenyewe, daktari," Garama akajibu bila wasiwasi. "Mtoto alifariki. Malaria ilimpanda kichwani, na wauguzi wengi walikuwa wamekimbia kama wewe. Asubuhi ya maziko Bi Mejumaa akaja, akasema daktari aliahidi. Nami nilikuwapo. Ningemjibu nini?"

Kanini alitaka kumtukana, akajizuia. Ahadi ni deni, na mwenye kuahidi alikuwa yeye. Garama alikuwa amelinda vitu viwili alivyoachiwa, jokofu na neno la bosi wake, wala hakujua kwamba kimoja kitakila kingine.

Kesho yake alikwenda Munje kutoa mkono wa tanzia. Bi Mejumaa akamkalisha mkekani.

"Shikamoo, nyanya. Mungu amrehemu."

"Marahaba, mwanangu. Amin. Tulimzika mzima, hakupungua hata tone. Watu hapa walikuwa wakisema damu zetu unaziuza. Sasa wamejua neno lako ni neno."

Kanini akaangua kilio. Wanawake wakamzunguka, wakambembeleza, wakaambiana huyu kweli alimpenda mtoto wetu. Naye, masikini, alikuwa akizililia chupa kumi na mbili. Biasha mwenyewe, aliyekuwa akimnyoshea mkono mwembamba na kuuliza pipi iko wapi, alimjia akilini baadaye, alipokuwa njiani kurudi peke yake. Hapo ndipo aliposhikwa na aibu, na haikumwacha tena.